Nchi Isiyo na Mwizi wa Ng'ombe

Haya hayakutokea kwetu. Yalitokea katika nchi moja ya mbali, na msomaji atakayedhani ameitambua itabidi ajieleze ameijuaje.

Katika nchi hiyo wizi wa ng'ombe ulikomeshwa siku ya Jumatano, saa tano asubuhi. Aliyeukomesha ni Mheshimiwa Waziri wa Utulivu wa Mifugo, kwa kusoma karatasi moja redioni. Kabla ya Jumatano hiyo ng'ombe walikuwa wakiibwa kila wiki na magazeti yakiandika. Baada yake hakuna gazeti lililoandika tena, na hilo lilithibitisha kwamba karatasi imefanya kazi. Ng'ombe waliendelea kutoweka, lakini hawakuibwa. Walihesabiwa kuwa wamehama.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo, ng'ombe wanne wa Nkwimba walihama.

Nkwimba alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mkazi wa kijiji cha Mwabulenga. Mumewe alimwachia mitamba watatu, na yeye kwa miaka kumi na tisa aliwafanya kuwa kundi la ng'ombe thelathini na sita. Aliwajua kwa majina, kwa mwendo, na hata kwa kikohozi. Alikuwa mtu wa kushuku. Akinunua chumvi dukani, aliionja kwanza ndipo akubali kwamba ni chumvi. Akisalimiwa mara mbili na mtu mmoja siku moja, alijiuliza mara ya pili ilikuwa ya nini. Watu walimcheka, lakini kila zizi la Mwabulenga lilikuwa limepungua isipokuwa lake.

Ijumaa hiyo, mchana, alikuwa lamboni akinywesha. Mtamba mmoja alizama kwenye tope hadi tumboni. Jirani yake Shilinde, aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake upande wa pili, alikuja kumsaidia. Nkwimba alishika pembe, Shilinde akashika mkia, wakavuta mpaka jasho likawaingia machoni. Mtamba alipotoka, Nkwimba aligeuka kuangalia kundi lake, na hapo hapo akajua kuna upungufu. Hakuhitaji kuhesabu. Mkufu hakuwepo, na Mkufu hakuwa ng'ombe wa kukaa kimya mbele ya maji.

Nyuma ya vichaka vya miiba alikuta nyayo za ng'ombe wanne, na kando yake alama za buti. Buti moja, la kushoto, halikuwa na kisigino. Alizifuata alama hizo mpaka barabarani, zikaishia kwenye matairi ya lori.

"Buti," alisema Nkwimba.

"Mimi sikuona kitu, shemeji," alisema Shilinde haraka.

"Sijakuuliza."

Shilinde alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, mtu mpole, asiye na maneno mengi. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani Nkwimba alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho na kujiuliza kwa nini aliushika ule mkia muda mrefu vile.

*

Jumamosi alikwenda wilayani. Mlango wa ofisi ulikuwa umepakwa rangi upya na kuandikwa AFISA UHAMAJI WA MIFUGO, ila rangi ilikuwa nyepesi, na chini yake bado yalisomeka maneno ya zamani: DAWATI LA WIZI. Ndani alikaa kijana nadhifu aitwaye Bwana Mpangala.

"Nimeibiwa ng'ombe wanne, mwanangu," alisema Nkwimba.

Bwana Mpangala aliweka kalamu chini. Akainuka akafunga mlango, kisha akafunga na dirisha.

"Mama, neno hilo umelisikia wapi?"

"Neno gani?"

"Hilo ulilosema. Sitalirudia."

"Basi andika wamepotea."

"Kupotea ni uzembe wa mwenye mali, na uzembe una kifungo chake. Nakushauri kama mama yangu mzazi: wamehama."

Akatoa fomu ya kurasa saba. Walianza vizuri, na jina na kijiji, lakini walipofika swali la tisa Nkwimba alimwomba asome tena. Bwana Mpangala akasoma tena, kwa sauti ya kanisani: "Je, kabla ya kuhama, ng'ombe alionyesha dalili za kutoridhika na makazi, chakula au uongozi wa mfugaji?"

"Mwanangu, ng'ombe hawakununa. Waliswagwa na watu wenye buti. Nimeziona alama. Moja halina kisigino."

Bwana Mpangala alivuta miguu yake taratibu, akaificha chini ya kiti. "Viatu ni vingi nchini," alisema.

"Viatu ni vingi. Buti zinagawiwa."

Hapo afisa aliiacha fomu, akachomoa daftari dogo mfuko wa shati, akaandika mstari mmoja. Nkwimba hakujua kusoma maandishi yaliyopinduka, lakini aliliona jina lake, kwa sababu jina lako hulijua hata likiwa limesimama kichwa chini.

"Serikali imekusikia," alisema Bwana Mpangala. "Kuanzia Jumatatu kundi lako litawekwa chini ya Ulinzi Maalumu."

"Sijaomba ulinzi."

"Nimeliona hilo pia," alisema, akaandika mstari wa pili.

*

Ulinzi Maalumu ulifika Jumatatu asubuhi ukiwa umebeba kitanda, redio na leja kubwa yenye jalada jekundu. Uliitwa Koplo Ndimbo. Alikuwa mtu mnene wa mabega, mwenye macho yaliyotulia mahali pasipostahili: akizungumza na wewe alitazama mifuko yako, na akila alitazama sahani ya mwenzake. Aliweka kitanda chake mlangoni mwa zizi, kwa upande, hata ikabidi Nkwimba aombe ruhusa kuingia kukamua.

Kazi ya Koplo ilikuwa kuhesabu. Kila asubuhi, baada ya kuonja maziwa ili kuhakikisha ni ya ng'ombe waliosajiliwa, lita mbili hivi, alihesabu na kuandika kwenye leja: thelathini na wawili. Chini yake aliweka saini, na chini ya saini mhuri.

"Ukihesabu wewe, Afande, nani anakuhesabia?" Nkwimba alimuuliza siku ya kwanza.

"Una maana gani?"

"Nauliza tu."

"Mtu mwema hana maswali," alisema Koplo Ndimbo, na jioni hiyo alimhoji Shilinde kwa saa nzima, kwa sababu alikuwa amepita njiani na kumsalimia Nkwimba bila kueleza madhumuni.

 Alfajiri ya siku ya pili alichota majivu jikoni akayatandaza mlangoni mwa zizi, kote.

"Ya nini hayo?" Koplo aliuliza, akiwa bado amekaa kitandani akifunga kamba za buti.

"Siafu, Afande. Wamezidi msimu huu."

Koplo aliinuka, akajinyoosha, akapita juu ya majivu kwenda kuhesabu. Nkwimba alisubiri afike mbali, akainama kama anayeokota kuni. Buti la kulia lilikuwa limeacha alama kamili. La kushoto halikuwa na kisigino.

Alisimama pale na kile kijiti mkononi. Alikuwa amekijua kitu hiki tangu siku ile ya lamboni, lakini kukijua ni jambo moja, na kukiona kikiwa kimelala mlangoni mwako, kikinywa maziwa yako, ni jambo lingine.  Amwambie nani? Kwa Bwana Mpangala angetakiwa kueleza kwanza kwa nini anachunguza nyayo za dola. Kwa Shilinde, bado ule mkia ulimkaa moyoni. Alichukua ufagio akayafagia majivu yote, kisha akaenda kumchemshia mwizi wake chai.

*

Jumanne ya wiki ya tatu ya ulinzi, kabla jua halijapata ukali, ng'ombe aitwaye Shubiri alizaa. Ndama alikuwa jike, mwekundu, miguu mirefu kuliko akili. Nkwimba alimfuta kwa majani makavu na kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa akajisikia kuimba.

Koplo Ndimbo alikuja kuhesabu. Akapata thelathini na watatu. Akarudia. Akavua kofia, akahesabu kwa kuwagusa mmoja mmoja mgongoni. Kisha akapuliza filimbi.

"Mama Nkwimba. Huyu mmoja umemtoa wapi?"

"Ametoka kwa mama yake, Afande. Hata hajakauka."

"Leja inasema thelathini na wawili."

"Leja iliandikwa jana."

"Unasema leja ya serikali imechelewa?"

"Nasema ng'ombe amezaa."

"Una kibali cha kuingiza mfugo zizini?"

"Hakuingia. Alitoka."

Koplo aliandika pole pole, huku akitamka: "Mtuhumiwa anakiri kwamba mnyama huyo alitoka mahali." Akafunga leja. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata barua ya kupandishwa cheo, maana tangu operesheni ianze alikuwa mlinzi wa kwanza nchi nzima kumkamata ng'ombe wa wizi. Ndama alitiwa mbaroni kwa kamba ya katani. Shubiri alimfuata akilia, ikabidi naye aandikwe, kwa jina la shahidi. Nkwimba alimwomba Shilinde amwangalizie kundi. Ilimchukua muda kuyatoa maneno hayo mdomoni, na ilimchukua Shilinde muda kuitikia, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakitazamana mikono. Kisha Nkwimba akafuata nyuma ya kidhibiti, shahidi na koplo, mwendo wa saa mbili hadi wilayani.

*

Boma la Vidhibiti lilizungushiwa mabati marefu, na lango lake lilikuwa la mabati pia, limefungwa kwa waya. Bwana Mpangala aliwapokea kwa furaha isiyo ya kawaida. Ilikuwa siku njema, alisema. Mchana huo Mheshimiwa Waziri mwenyewe angekuja kuadhimisha siku ishirini bila wizi, na walikuwa hawana cha kumwonyesha.

"Ndama atakaa jukwaani," alisema. "Shahidi ataingia bomani."

"Ndama hajanyonya vya kutosha," alisema Nkwimba. "Alikamatwa katikati."

"Shahidi haruhusiwi kukutana na kidhibiti kabla ya kesi, Mama. Wanaweza kupanga maneno."

"Kesi ni lini?"

"Mwezi wa tisa."

Nkwimba alimtazama ili aone kama anatania. Hakuwa anatania. "Mwanangu, huyu asiponyonya leo, kesho mtakuwa na ngozi."

"Ngozi nayo ni kidhibiti," alisema Bwana Mpangala kwa upole, akamwelekeza pa kukaa.

Hakukaa. Alizunguka nyuma ya boma mpaka akapata tundu la msumari kwenye bati, akaweka jicho. Mwanzoni aliona migongo tu, migongo mingi, labda mia mbili. Kisha migongo ikaanza kuwa na sura. Aliliona dume la mwalimu mkuu. Alimwona mtamba mweusi wa Shilinde, aliyetoweka kabla ya masika na ambaye Shilinde hakumsema kwa mtu, na Nkwimba sasa akaelewa kwa nini: aliwaogopa waliomchukua. Karibu na birika tupu, shingoni ana duara jeupe kama alivyozaliwa, alisimama Mkufu, na wenzake watatu pembeni yake, mbavu zikihesabika.

Bwana Mpangala alikuwa amekuja nyuma yake bila kusikika. "Hao ni wahamiaji," alisema. "Wanasubiri kupangiwa makazi."

"Makazi yako wapi?"

"Mjini. Jirani na machinjio."

"Jirani upande gani?"

Bwana Mpangala alisafisha koo. "Upande wa ndani," alisema.

*

Mchana watu walisombwa kwa malori kutoka vijiji vyote ili wafurahi. Wapiga picha wa magazeti walipangwa mbele, bendi kulia, boma kushoto, Waziri katikati. Ndama wa Nkwimba alisimamishwa jukwaani akiwa na kibao shingoni, KIDHIBITI NAMBA 1, miguu ikimtetemeka. Koplo Ndimbo alishika kamba, buti zake zimepakwa rangi.

Mheshimiwa Waziri alizungumza kwa saa moja na nusu. Alianza na mababu, akapita kwenye mvua, akafika kwenye maadui.

"Wapo wanaonong'ona," alisema, "kwamba ng'ombe wetu wanachukuliwa. Wanachukuliwa na nani? Katika nchi hii ng'ombe ni huru. Anakwenda kwa miguu yake, kwa hiari yake, kule moyo wake unakomtuma. Hakuna mkono utakaomzuia. Nasema mbele ya vyombo vya habari: yeyote atakayemzuia ng'ombe anayehama, awe raia, awe mtumishi, huyo ndiye mhujumu, na nitashughulika naye mimi binafsi."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuandika majina ya wasiopiga. Makofi yalimshtua ndama, akaanguka kwa magoti, akalia. Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu. Ndani ya mabati Shubiri akajibu, kisha lango likalia kishindo.

Nkwimba alisimama katikati ya watu. Alikuwa na hofu, hilo lisemwe. Aliyesimama kushoto kwake alikuwa na daftari. Wa kulia hakumjua, na usiyemjua katika nchi ile ulimhesabu kuwa ana daftari pia. Alimtazama ndama akijaribu kuinuka na kushindwa. Kisha akaweka viganja mdomoni akaita, ule wito wa jioni anaowaitia kukamuliwa na kulamba chumvi, wa sauti ndefu inayopanda mwishoni.

"Mkufuuu. Haya Mkufu, haya, twendeee."

 Bomani, ng'ombe wanne walikuwa wameinua vichwa. Shubiri aligonga tena, na mara hii hakuwa peke yake. Waya ukakatika, lango likalala chini, na ng'ombe mia mbili wenye kiu wakatoka juani.

Hapo watu waliona. Mwalimu mkuu aliliona dume lake na kulipigia mluzi kabla hajakumbuka kuogopa. Mama mmoja aliita, mzee mmoja akaita, halafu uwanja mzima ukawa majina ya ng'ombe. Koplo Ndimbo aliinua rungu. Akamtazama Waziri apewe amri. Waziri alikuwa bado ameshika kipaza sauti, nacho kilikuwa kinafanya kazi, na wapiga picha walikuwa wamegeuza kamera kumwelekea yeye.

Bwana Mpangala alinyata hadi sikioni mwake. Kipaza sauti kikayachukua maneno na kuyapeleka uwanja mzima. "Wanahama, Mheshimiwa."

Waziri alilamba midomo. Ng'ombe walikuwa wakipita pande zote mbili za jukwaa.

"Naam," alisema hatimaye. "Kama mnavyoona, ndugu wananchi. Wanahama."

Bendi ikapiga wimbo. Waziri akawapungia mkono ng'ombe mpaka wa mwisho alipopotelea kwenye vumbi. Nkwimba alipanda jukwaani bila kuomba ruhusa, akamvua ndama kile kibao, akamwegemeza kwenye kiwele cha Shubiri, aliyekuwa amebaki kando ya ndama wake, hapo hapo, hatua moja kutoka viatu vya Mheshimiwa, na akamshikilia mpaka akanyonya akashiba. Hakuna aliyemgusa. Kesho yake gazeti liliandika ukurasa wa kwanza kwamba uhamaji mkubwa kuliko wote katika historia umefanyika kwa amani, na Koplo Ndimbo, ambaye hakurudi tena Mwabulenga, akapandishwa cheo kuwa Sajini kwa kuusimamia.

*

Nkwimba aliwafikisha ng'ombe wake nyumbani jua likiwa linazama, naye amembeba ndama mabegani sehemu kubwa ya njia. Shilinde alikuwa ameshawarudisha wengine zizini na kwenda zake. Nkwimba alihesabu. Thelathini na wawili wa kwenye leja, ndama mmoja, wahamiaji wanne: thelathini na saba.

Alipata thelathini na wanane.

Alihesabu tena, mmoja mmoja. Kwenye kona, akitafuna taratibu kama aliyezaliwa pale, alisimama mtamba mweusi wa Shilinde. Alikuwa amefuata kundi bila kuonekana. Kwa miaka yote ile ya kuwashuku wengine, Nkwimba hakuwahi kulala na mali ya mtu zizini mwake. Kwa Shilinde si mbali, lakini giza lilikuwa linaingia, na mtu anayeswaga ng'ombe asiye wake gizani, hata akiwa anamrudisha, ataonekanaje? Akaamua asubuhi.

Asubuhi, kabla ya kukamua, alimtoa mtamba akamfunga nje ya zizi, njiani, mahali panapoonekana na kila apitaye, ili asije mtu akasema alifichwa. Kisha akatuma salamu. Shilinde alikuja akikimbia. Alimshika mtamba masikio, akampapasa mbavu, akamlalia shingoni. 

"Asante, shemeji," alisema mwishowe.

"Si kitu. Alijileta."

Shilinde alifungua kamba. Lakini hakuondoka. "Alilala hapa?"

"Alilala."

"Na ulijua ni wangu?"

"Nilijua."

"Hukuniita jana."

"Giza lilikuwa limeingia."

"Mm," alisema Shilinde.

Alisimama akizungusha kamba mkononi. Macho yake yalimpita Nkwimba, yakaingia juu ya ua wa miiba, yakaanza kutembea taratibu kutoka kona moja hadi nyingine. Midomo yake ilikuwa inacheza, bila sauti. Nkwimba aliitazama midomo hiyo kwa kitambo, na ilipofika kumi na nane akaelewa. Katika miaka thelathini ya ujirani mtu huyu hakuwahi kuhesabu ng'ombe wa Nkwimba.

Hasira ilimpanda hadi kooni. Ikakaa pale. Kisha ikashuka yenyewe, na mahali pake pakabaki uchovu tu.

Akaondoa miiba mlangoni.

"Ingia ndani, shemeji," alisema. "Ukihesabu kutoka hapo utakosea. Wawili wamelala."

Shilinde alisita, akainamisha kichwa kwa aibu, kisha akaingia akahesabu.